Kijana aliyekataa urithi wa milioni: fedha za Garland ziliijenga NAACP au ziliiteka?

#1 Mzee wa Daftari

Wakuu, salaam.

Kila mada ya wafadhili na siasa ikifunguliwa humu, watu wanakimbilia kwa bilionea George Soros kana kwamba kabla yake hapakuwa na tajiri aliyewahi kumwaga fedha kwa wanaharakati. Leo nataka turudi nyuma, Marekani ya 1922.

Charles Garland, kijana wa Massachusetts aliyepita Harvard bila kumaliza, mwaka 1920 aligoma kupokea urithi wa kama dola milioni moja. Pesa za kibenki hizo, maana ukoo wao ulikuwa na hisa nene za First National Bank ya New York. Alisema si zake, hakuzitolea jasho, na hataki kushiriki mfumo unaovimbisha matumbo ya mamia huku maelfu wakilala njaa. Magazeti yakamfanya kioja cha mwaka. Baadaye Roger Baldwin, mmoja wa waanzilishi wa ACLU (shirika la kutetea uhuru wa raia), akamshawishi: chukua, halafu igawe.

Hivyo 1922 ukazaliwa American Fund for Public Service, mtaji wa kama dola 900,000. Watu waliuita Garland Fund tu. Mwenyewe hakutaka kuuongoza, akauacha kwa bodi ya wajamaa, wakomunisti, wanaliberali na watu wa vyama vya wafanyakazi. Hadi unafungwa 1941 ulikuwa umetoa karibu dola milioni mbili, zikiwemo ruzuku na mikopo.

Sasa hoja yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 vita kuu ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, ilikuwa dhidi ya magenge ya kizungu yaliyokuwa yakinyonga watu weusi hadharani bila kesi. Miaka ya 1930 ikiendelea, jina la NAACP likawa kesi za shule. Katikati hapo kuna hundi ya Garland. Mtafiti Megan Ming Francis aliieleza hoja hii vizuri mwaka 2019: mfadhili mzungu mwenye nia njema anaweza kuiteka harakati bila kumtishia mtu yeyote. Mimi nakubaliana naye. Karibuni mnipinge.

#2 Chumvi Nyingi

Nimekaa siti ya mbele. Mtu anakataa milioni? Mimi ningekataa kwa mdomo huku mkono umeshasaini.

#3 Jicho la Tatu

Hao wote ni CIA. Hakuna tajiri anayelipia mapinduzi dhidi ya utajiri wake mwenyewe, amkeni.

#4 Bibi Kalamu

Jicho la Tatu, Garland Fund ilifungwa 1941. CIA imeanzishwa 1947. Labda walikuwa na mashine ya kurudi nyuma.

Ila usidhani nakucheka bure, kuna ukweli umeukosa kwa miaka michache tu. Mwaka 1964 mbunge Wright Patman wa Texas alianika kwamba J. M. Kaplan Fund ilitumika kupitishia fedha za CIA, na 1967 jarida la Ramparts likafichua mtandao wenyewe. Hizo ni taasisi nyingine, zama nyingine.

#5 Wakili wa Kivulini

Mzee wa Daftari, heshima yako, lakini umeruka hatua muhimu. Unasema NAACP ilihama kutoka kwenye magenge kwenda kwenye shule kwa sababu ya hundi. Tazama kalenda.

Januari 1922 muswada wa Dyer dhidi ya hao wanyongaji ulipita Baraza la Wawakilishi. Desemba mwaka huohuo ukafia Seneti, maseneta wa Kusini walisimama wakaongea na kuongea mpaka wenzao wakachoka. Halafu Februari 1923 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Moore v. Dempsey, iliyotokana na mauaji ya watu weusi mjini Elaine, Arkansas, ya 1919. Mahakama ikasema kesi inayoendeshwa huku kundi lenye hasira limezingira jengo si kesi. NAACP ndiyo iliyokuwa nyuma ya ushindi huo.

Jiweke kwenye kiti cha James Weldon Johnson, katibu wa NAACP. Bungeni umetumia miaka, umetoka mikono mitupu. Mahakamani umeshinda. Utaelekea wapi? Huhitaji mfadhili akuambie. Sheria ya kupinga unyongaji huo Bunge lilikuja kuipitisha Machi 2022, kwa muswada mwingine, miaka mia baadaye!

#6 Mzee wa Daftari

Wakili, Moore v. Dempsey ni ushahidi wangu mimi, siyo wako. Ilikuwa kesi ya jinai, kuokoa watu wasinyongwe. Kama mahakama ilikuwa imefungua mlango, kwa nini waliingilia mlango wa shule na si huo wa kulinda roho za watu? Mfuko ulikuwa na sera yake: kipaumbele kwa taasisi mpya na za majaribio, hasa zinazoendeshwa na wafanyakazi na wakulima wenyewe, na ulinzi wa makundi madogo. Wajumbe waliangalia ubaguzi kwa miwani ya uchumi na elimu. Kunyongwa kwa mtu mweusi kulionekana dalili tu ya ugonjwa.

#7 Mtoto wa Maktaba

Naomba niongeze ambacho wote wawili mmekiacha. James Weldon Johnson hakuwa ombaomba mlangoni kwa Garland. Alikuwa MJUMBE WA BODI ya Garland, mtu mweusi katikati ya wazungu, na huku ndiye katibu wa NAACP. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iliundwa kamati ya bodi kuhusu suala la watu weusi, na waliokuwemo ni Johnson mwenyewe, wakili Morris Ernst na mwandishi wa habari Lewis Gannett. Hiyo kamati ndiyo iliyopendekeza kampeni kubwa ya kesi: walipa kodi weusi wafungue mashauri katika majimbo saba ya Kusini kudai mgawo sawa wa fedha za shule.

Sasa nani alimteka nani? Mtu anaandika ombi mkono wa kulia, anaidhinisha mkono wa kushoto.

Kingine: Roger Baldwin, ambaye mnamwona ndiye bosi, ALIPINGA pendekezo hilo. Yeye aliamini njia ya kisheria itashindwa, kwamba wanaowakandamiza weusi watapata namna nyingine, sheria iwepo isiwepo, na dawa ni wafanyakazi weusi na weupe kuungana. Akashindwa. Kama mfuko ulikuwa na ajenda ya kuiteka NAACP, mtekaji mkuu alikuwa upande wa pili.

#8 Chumvi Nyingi

Mwamba kapigwa kura kwenye bodi aliyoipika mwenyewe 😂

#9 Nahodha Mstaafu

Habari za humu. Nimesoma tangu #1. Swali la kijinga: hizo pesa zilikuwa kiasi gani hasa zilizokwenda NAACP? Maana tunazungumza utekaji, na utekaji una bei.

#10 Mtoto wa Maktaba

Swali zuri kuliko unavyodhani, Nahodha. Kwenye makaratasi ziliahidiwa dola 100,000. Zilizotoka kweli ni kama 20,000.

Sababu: mtaji wa mfuko ulikuwa hisa. Miaka ya 1920 soko lilikuwa linapanda kwa kasi hata wajumbe wakawa na tatizo la ajabu: wanagawa na bado mfuko haupungui. Walitaka kuumaliza haraka, hawakutaka taasisi ya kudumu, lakini Wall Street ikawa inawajazia. Halafu Oktoba 1929 soko likaanguka. Kampeni ya shule iliidhinishwa wakati huohuo chombo kinazama. Taasisi ya kupiga vita ubepari ililiwa na ubepari, tena si kwa njama, kwa bei ya hisa.

#11 Wakili wa Kivulini

Umenisaidia, Mtoto wa Maktaba. Na hizo 20,000 zilifanya nini? Sehemu ilimlipa Nathan Margold, wakili aliyeajiriwa 1930 kuandaa mkakati. Ripoti yake ya 1931 ilikuwa na kurasa zaidi ya 200, na humo akawaambia wenye fedha kuwa mpango wao una kasoro: ukifungua kesi ya usawa wa mgawo wilaya kwa wilaya, jimbo kwa jimbo, utazeeka mahakamani, na mwakani inabidi uanze tena. Akashauri washambulie ubaguzi wenyewe pale unapoambatana na ukosefu wa usawa. 1933 Margold akaondoka kwenda kuwa mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Roosevelt.

Aliyefuata ni Charles Hamilton Houston wa Howard, chuo kikuu cha weusi, mwaka 1935. Huyu hakufuata mpango wa Garland wala wa Margold moja kwa moja. Alikwenda South Carolina na kamera ya filamu, akapiga picha za shule za weusi: kibanda cha mbao, watoto wamebanana kwenye mabenchi, halafu jengo la matofali la watoto wa kizungu. Akaamua kuanza juu, vyuo vya sheria na shahada za juu, kwa sababu jimbo lisilo na chuo cha sheria cha weusi haliwezi hata kudai kwamba linatoa kilicho sawa. Maryland akashinda kesi ya Murray, hukumu ya rufaa 1936, akiwa na mwanafunzi wake Thurgood Marshall. Missouri, kesi ya Gaines, 1938. Hiyo ndiyo barabara iliyofika kwenye Brown mwaka 1954, hukumu ya Mahakama ya Juu iliyoharamisha kutenganisha weusi na weupe shuleni.

Kwa hiyo kwangu mimi si Garland. Ni Howard. Wanasheria weusi waliofunzwa na chuo chao ndio walioamua.

#12 Dada wa Ripoti

Naomba nitoke kwenye historia kidogo, maana #1 imenigusa.

Nilifanya kazi kwenye shirika moja (silitaji). Tulianza na kitu kimoja: kufuatilia mishahara ya wasichana wa kazi za ndani waliofukuzwa bila kulipwa. Tulikuwa na daftari la jalada gumu, jina, mwajiri, miezi anayodai. Akaja mfadhili mzuri sana, mpole, hakutulazimisha chochote. Alikuwa na fedha za "mafunzo ya kujitambua" tu. Fomu ya ripoti ilikuwa na safu ya idadi ya waliohudhuria, haikuwa na safu ya fedha zilizorudishwa kwa mdai. Basi tukawa tunajaza safu iliyopo. Baada ya muda daftari likawekwa kabatini, aliyekuwa akiliandika akahamishiwa kwenye semina. Hakuna kikao kilichoamua tuache. Na mkurugenzi wetu alikuwa ndani ya kamati ya mfadhili huyohuyo, kama Johnson wa #7.

Mtoto wa Maktaba, kuwa na mtu wako kwenye meza si kinga. Mtu wako anajifunza kuomba kile anachojua kitapita.

#13 Mzee wa Daftari

Dada wa Ripoti umemaliza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

#14 Bibi Kalamu

Methali nzuri, ila Wamarekani weusi hawakukaa tu kutegemea cha ndugu. 1925 Detroit, daktari mweusi Ossian Sweet alinunua nyumba mtaa wa wazungu, kundi likamzingira, risasi zikatoka ndani ya nyumba, mzungu akafa. NAACP ikamleta wakili maarufu Clarence Darrow. Garland walitoa fedha kwa sharti kwamba NAACP nayo ichangishe zake, na watu weusi wakachanga makanisani na kupitia magazeti yao kwa wingi. Hapo mfadhili aliongeza tu juu ya mchango wa watu.

Mzee, hoja yako kwamba waliacha vita ya magenge nayo ina tundu. Kuanzia 1936 ofisi ya NAACP New York, Fifth Avenue, ilikuwa inatundika dirishani bendera nyeusi yenye maandishi meupe kutangaza kwamba jana mtu amenyongwa. Waliendelea mpaka 1938, mwenye jengo alipotishia kuwatoa. Walter White, aliyemrithi Johnson ukatibu wa NAACP, alisukuma miswada dhidi ya wanyongaji miaka yote ya 1930, mmoja ukapita Baraza la Wawakilishi 1937 na kufia Seneti 1938. Na mwaka 1930 walishirikiana na vyama vya wafanyakazi kumzuia jaji John Parker asiingie Mahakama ya Juu, kura 41 kwa 39. Shirika lililotekwa linafanya hayo?

#15 Mzee wa Daftari

Bibi, sikusema waliacha. Kuna tofauti ya kuacha na kubadilisha uzito. Bendera dirishani ni gharama ya kitambaa. Mawakili, utafiti na ofisi ya sheria vilikwenda wapi? Shuleni. Fuata fedha, usifuate bendera.

#16 Bibi Kalamu

Kitambaa kilichokaribia kuwanyima ofisi.

#17 Mjumbe wa Kiwandani

Wote mnang'ang'ania NAACP. NAACP ilikuwa sehemu ndogo ya mfuko huu! Nyama ilikuwa kwa wafanyakazi. Chuo cha wafanyakazi cha Brookwood pale Katonah, New York, chini ya A. J. Muste, kilikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa kabisa. Mgomo wa viwanda vya nguo Passaic 1926. Federated Press, shirika la habari la wafanyakazi. Vanguard Press, lililoanzishwa 1926 kuchapa vitabu vya bei ya chini, senti 50 kimoja, ili fundi aweze kununua. Chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya treni ya Pullman cha A. Philip Randolph, kilichoanzishwa 1925, kilisaidiwa kikiwa bado kichanga, na 1937 kikapata mkataba wake.

Kwa hiyo mada ingekuwa: kwa nini sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa wafanyakazi, lakini kinachokumbukwa ni vijisenti vya shule? Brookwood ilifungwa 1937. Nani humu alikuwa anaijua?

#18 Chumvi Nyingi

Mimi nilikuwa naijua. Tangu sekunde thelathini zilizopita.

#19 Nahodha Mstaafu

Mjumbe, jibu mwenyewe basi. Kwa nini?

#20 Mjumbe wa Kiwandani

Kwanza bodi ilikuwa vurugu. Norman Thomas mjamaa, William Z. Foster mkomunisti, Elizabeth Gurley Flynn aliyetoka IWW (chama cha wafanyakazi chenye msimamo mkali), Scott Nearing, na waliberali kama Baldwin. Kila upande ukiona fedha inakwenda kwa gazeti la mwenzake unanuna. Pili, nyingi zilikuwa mikopo kwa vyama vilivyokuwa vikifa, haikurudi. Tatu, na hili ndilo kubwa, sheria ya Wagner ya 1935 iliwapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama, na CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikaja na michango ya wanachama. Harakati ikipata ada zake, mfadhili wa mwanzo anasahaulika. Kesi za haki za kiraia hazikuwa na ada ya kila wiki, zikabaki na wafadhili, kwa hiyo wafadhili wamebaki kwenye hadithi.

#21 Mtoto wa Maktaba

Sikubali sehemu ya mwisho. NAACP ilikuwa na wanachama waliolipa ada, tena wakati wa vita vya pili idadi yao iliruka mno. Kilichotenganishwa mwaka 1940 ni mfuko wa sheria, LDF wa Marshall, ili uweze kupokea michango yenye msamaha wa kodi ambayo NAACP yenyewe, kwa kuwa inashawishi Bunge, isingeipata. Kodi ndiyo iliyochora mipaka ya harakati, kuliko bodi yoyote.

#22 Wakili wa Kivulini

Hapo kwenye kodi naunga mkono, na tukifika huko Garland anakuwa mtoto mdogo. 1954 iliwekwa kanuni kwamba taasisi ya hisani yenye msamaha haigusi kampeni ya mgombea. 1969 Bunge likazikaba taasisi binafsi za ufadhili: tozo ya asilimia 4 ya mapato ya uwekezaji, marufuku kushawishi miswada, na fedha za kuandikisha wapiga kura zikafungwa masharti, lazima kazi isiwe ya chama na ifanyike majimbo matano au zaidi.

Kilichowaudhi? Ford Foundation iliipa CORE, shirika la haki za kiraia, fedha za kuandikisha wapiga kura Cleveland 1967, na Carl Stokes, mtu mweusi, akashinda umeya. Halafu Ford hiyohiyo ikawapa ruzuku wasaidizi wanane wa Robert Kennedy baada ya kuuawa kwake. Patman yule wa #4 alikuwa anasubiri kosa kama hilo tangu 1961.

#23 Jicho la Tatu

Sasa mmeanza kunielewa. Kennedy, Ford, wapiga kura. Unganisheni nukta.

#24 Bibi Kalamu

Nukta moja nakuunganishia. Voter Education Project ya 1962, mradi wa kuandikisha wapiga kura weusi wa Kusini, makao Atlanta, ililipiwa na taasisi za Taconic, Field na Stern, zaidi ya dola 800,000, na serikali ya Rais John Kennedy, kaka yake Robert, iliupenda mpango huo waziwazi. Vijana wa SNCC, kundi la wanafunzi wa haki za kiraia, walikuwa wameshaona mtego: walibishana vikali kwenye shule ya wanaharakati ya Highlander, Agosti 1961, wengine wakisema huu ni mpango wa kututoa barabarani. Mshauri wao Ella Baker akapatanisha, wakawa na mbawa mbili, moja ya maandamano na moja ya kura. Walipofika Mississippi kuandikisha watu wakapigwa na kufungwa vilevile, mbawa zikawa moja kwa nguvu ya virungu. Kwa hiyo hata pale ambapo mfadhili alitaka kutuliza, hakutuliza.

#25 Dada wa Ripoti

Stern hao ndio akina Philip Stern? Aliyeanzisha mfuko wa waandishi wa uchunguzi? Seymour Hersh alipewa dola 250, kisha 2,000, akayafuatilia mauaji ya wanakijiji wa My Lai, Vietnam, mwaka 1969. Ruzuku ndogo, haikuwa na fomu ya mahudhurio, na ikatikisa vita nzima. Sipingi wafadhili wote, napinga fomu.

#26 Kijana wa Kulia

Mnazungumza kana kwamba ni mrengo wa kushoto peke yake. Olin Foundation upande wa pili walilipia mafunzo ya sheria na uchumi vyuoni, wakaisaidia Federalist Society, jumuiya ya wanasheria wahafidhina, tangu miaka ya 1980, halafu wakajifunga wenyewe 2005 kwa makusudi. Kama Garland, walikataa kudumu. Mbona hawa hamsemi waliwateka majaji?

#27 Mzee wa Daftari

Kijana, tofauti ni kwamba Olin walijua wanachonunua na wapokeaji walikuwa wanakitaka tangu mwanzo. Utekaji unaanza pale mpokeaji alipokuwa na safari yake. Msimamo wangu wa #1 uko palepale, ila namjibu Nahodha kuhusu bei: dola 20,000 ni ndogo kwa mfuko, lakini si ndogo kwa NAACP ya mwaka 1930, mdororo umeanza na matawi hayaleti ada. Ukubwa wa fedha unapimwa na njaa ya anayepokea.

#28 Wakili wa Kivulini

Basi eleza kwa nini Houston aliendelea na vyuo vikuu, njia ambayo hakuna aliyemlipia aifuate.

#29 Mtoto wa Maktaba

Na mimi naongeza: W. E. B. Du Bois, mhariri wa The Crisis, jarida la NAACP, alijiuzulu 1934 akigombana na uongozi kuhusu ubaguzi na taasisi za weusi. Mwaka uliofuata akauliza hadharani kama mtoto mweusi anafaidika kukaa kwenye darasa linalomchukia. Ugomvi wa shule ulikuwa ndani ya nyumba, baina ya weusi wenyewe. Mkiwapa wazungu wa bodi sifa au lawama yote, mnawafuta hawa.

#30 Mjumbe wa Kiwandani

Bado hakuna aliyenijibu Brookwood.

#31 Chumvi Nyingi

Mjumbe fungua uzi wa Brookwood, nitakuja na kiti changu. Wakili naye afungue wa 1969, maana hapa Mzee na yeye watafika #300 na Margold hajamaliza kurasa zake.

#32 Wakili wa Kivulini

Nafungua kesho jioni. Mzee wa Daftari njoo na jibu la #28, usije na methali.